Nyumba ya Mama, Chang'ombe

Bi Tekla hakuangalia hata chumba kimoja. Dalali Mfaume alikuwa bado anahangaika na kufuli la mlango wa mbele, huku anasifia sakafu na madirisha ya wavu, kumbe mama wa watu keshazunguka nyuma na magoti yake mabovu, kasimama kwenye mdimu kando ya kibanda cha boi.

Akaomba maji. Benedicta, mke wa mwanawe, akamletea glasi. Bi Tekla alikunywa nusu, nusu akalimwagia shina la mdimu, taratibu.

"Nyumba ndiyo hii," akasema.

Leodegar, mwanawe wa pekee, akatazamana na mkewe. Wao walishakubaliana kununua Regent. Mwaka ule wa sitini na tano wazungu wengi walikuwa wanafungasha, na ofisa wa bandari kama Leodegar, aliyekalia kiti cha mzungu, alikuwa na mkopo wake mkononi, kazi ni kuchagua tu. Regent kulikuwa na lami, majirani maofisa watupu, shule ya watoto hapo hapo. Chang'ombe je? Vumbi la malori ya viwandani, na nyumba yenyewe bati limeshika kutu. Tena si nyumba ya mtu mwingine. Ni humo humo Bi Tekla alimofanya kazi ya uyaya enzi za Mwingereza.

"Mama, hapa ulikuwa unaitwa kwa kengele," Leodegar alisema. "Unapatakia nini?"

"Napataka tu, baba."

"Hivi hivi?"

"Tukishahamia nitakwambia. Si maneno ya kusema mbele ya dalali."

Waliporudi Ilala kwenye vyumba vyao vya kupanga, na mama kalala, Benedicta alisema, "Mwenzangu, mama anataka kukaa kwenye kiti cha memsabu. Mie simlaumu."

Leodegar naye hakumlaumu. Alizaliwa kwenye kibanda kile, msimu wa masika, bati linavuja hadi kitandani. Memsabu hakutaka kusikia mtoto wa yaya akilia uani kwake, kwa hiyo arobaini haijaisha akapelekwa kulelewa kwa mama yake mdogo. Bi Tekla alikuwa akija Jumapili baada ya misa, na kila kitu alimletea viwili. Maandazi mawili. Kaptura mbili za rangi moja. Hata kofia, mbili, mpaka watoto wa jirani wakamwonea gere. "Moja vaa, moja weka," angesema, machozi yanamlengalenga. Leodegar alikua akijua kuwa hayo ni mapenzi ya mama anayemwona mwanawe mara moja kwa juma. Na alikua anakichukia kile kibanda kuliko kitu chochote duniani.

Wakaachana na Regent.

Mafundi walipoanza kazi, Bi Tekla hakutulia. Kila asubuhi anauliza, lini? Chakula kikamshinda. Alikuwa anazungumza peke yake huku anachambua mchele, na akicheka, jambo ambalo Benedicta hakuwahi kumwona akilifanya.

"Waambie wasihangaike na uani," alimwambia mwanawe. "Kule kuko sawa kama kulivyo."

"Usiogope gharama, mama."

"Sisemei gharama."

"Wewe tulia tu. Utaipenda."

Maskini, alitaka kumfurahisha. Zamu ya uani ilipofika, Leodegar alivua shati, akashika sururu, akaanza kukivunja kile kibanda yeye mwenyewe, na mafundi wakamwachia kwanza maana walimwona machozi yanamtoka. Halafu wakamalizia wao. Waling'oa mdimu na mizizi yake, wakachimba msingi wa gereji, udongo wote ukapakiwa kwenye lori. Juu wakamwaga zege safi, la kijivu, lililonyooka kama meza.

Siku ya kuhamia, Bi Tekla alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alishika chupa ya maji ya baraka na mshumaa, na Benedicta akaona ni vizuri, nyumba ibarikiwe.

"Leo unapita mlango wa mbele," Leodegar alimwambia, amemshika mkono.

Alipita. Alipita sebuleni, akakipita kiti kikubwa alichowekewa dirishani wala hakukitupia jicho, akapita jikoni, akafungua mlango wa uani. Leodegar alimfuata huku anatabasamu.

Bi Tekla alisimama kizingitini.

"Kibanda umekitoa," alisema.

"Nimekitoa, mama. Hutakiona tena."

"Na mdimu."

"Na mdimu. Nimechimbua kila kitu, hakuna kilichobaki. Udongo wamekwenda kufukia madimbwi huko Kiwalani."

Mama akashuka ngazi. Akatembea mpaka pale ulipokuwa mdimu, akakaa chini na kitenge chake cha Pasaka. Chupa ilimponyoka, maji yakatambaa juu ya zege yasipate pa kuingia. Akawa analipapasa lile zege kwa viganja, huku na huku.

"Mama, unaumwa?" Leodegar alichutama mbele yake. "Mama, sema nami."

Bi Tekla aliinua uso, akamwita kwa jina ambalo hajawahi kuitwa na mtu tangu azaliwe.

"Doto," alisema, "Kulwa mmempeleka wapi?"