Kaburi la Majaribio

Kaburi lilishachimbwa, na mwenyewe alikuwa hai kabisa, amesimama pembeni na mkoba wake, anakohoakohoa.

Binti yake, Tunu, ndiye aliyeandika kwa Python, lugha ya kompyuta, mfumo wa kusajili makaburi ya mji. Kila akiujaribu alijaza, mahali pa marehemu, jina lililomjia upesi, la mama yake, kisha anaiamuru programu irudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Jana akasahau hiyo amri. Programu ikahifadhi, na wachimbaji wakapata ujumbe wa kuchimba kwenye simu.

"Nimeshafuta, mama. Na kosa nimelirekebisha."

"Na shimo nalo umelifuta?"

Mchimbaji mmoja akatikisa kichwa. "Hatufukii kaburi tupu, dada. Litamdai mwenye jina. Tunazika mgomba badala yake."

Mgomba ukaletwa, ukateremshwa. Mama akavua kanga yake, akawapa waufunike.

"Mwanangu, majina yote ya mji huu, ukaona langu tu?"

Udongo ukaanza kumwagwa juu ya kanga. Mama akashikwa tena na kikohozi, safari hii hakikatiki, na wachimbaji, mmoja baada ya mwingine, wakasimamisha majembe.