Chipu Iliyotazama Mlangoni

Ifahamike kwa wakazi wote wa Uyole na vitongoji vyake kwamba leo, saa nne kamili, mashine ya gemu iliyokufa tangu Pasaka itafufuka!

Ndivyo alivyotangaza Tekla, fundi wa elektroniki, mlangoni pa kibanda chake. Waliomsikia ni mteja wake, mzee aliyesafiri kutoka Ipogolo akiwa amepakata ubao wa saketi wa mashine hiyo kama kichanga, pamoja na kuku wawili.

Sasa ubao ulikuwa mezani, umeunganishwa na skrini. Mzee akaweka kidole kwenye swichi, taratibu, kama mgeni rasmi anayekata utepe.

Hapo ndipo Tekla alipoiona chipu.

Kila chipu, kile kidude cheusi chenye miguu ya chuma, ina kikato kidogo kwenye ncha moja, kama alama ya ukucha, kuonyesha inavyopaswa kukaa. Vikato vyote vilitazama dirishani. Kikato cha chipu ya kumbukumbu, ya zamani kuliko Tekla na isiyouzwa tena popote, kilitazama mlangoni.

Umeme ukiingia tu, itaungua.

Angeweza kunyamaza, kisha akausingizia umeme. Nani angejua?

"Mbona unatetemeka, binti yangu?"

"Baridi tu, baba."

"Baridi gani hiyo ya kukutoa jasho?" Mzee akacheka. "Haya, moja, mbili..."

"Usiwashe!" Tekla akaudaka mkono wake. "Nisamehe, baba. Nimeichomeka chipu moja kinyume. Nimeona, na nilitaka kukuacha uwashe."