Mama wa Kwenye Simu

Mwiba wa samaki ulimchoma mtoto unyayoni, akapiga yowe. Wilhelmina ndiye aliyekuwa karibu. Aliliweka chini beseni la dagaa, akapiga magoti mchangani na kufungua mikono.

Mtoto akampita. Alikimbia huku akichechemea mpaka kwa bibi yake.

"Mama! Naumia, mama!" alilia, akijificha kwenye kitenge cha bibi.

"Mama yako si yule pale?" bibi alimwambia. "Nenda akutoe mwiba."

"Yule ni mama wa kwenye simu."

Wilhelmina alikuwa koplo wa jeshi. Alimwacha binti huyo hapa Kirumba akiwa bado ananyonya, akarudi kikosini, kusini mwa nchi, na tangu hapo alikuja likizo tu. Sasa mkataba wake ulikuwa unakwisha, na mkuu wake alitaka jibu leo, kama ataendelea au ataacha. Tangu asubuhi hakutulia. Kila kazi aliyoishika ufukweni aliiacha katikati. Jeshi alilipenda. Huko watu walimsikiliza.

Bibi alipouchomoa mwiba, tone la damu lilitoka, dogo kama punje ya mtama. Wilhelmina alilitazama mpaka bibi alipolifuta kwa kidole gumba.

Simu ikaita mfukoni mwake.

"Koplo, nasubiri jibu. Unaendelea?"

"Hapana, afande. Naomba kurudi nyumbani."

"Si uko nyumbani sasa hivi?"

Mtoto alikuwa akimchungulia kutoka nyuma ya bibi.

"Bado sijafika, afande."