Kaloweshwa Tu

"Huyu hajabatizwa! Kaloweshwa tu!"

Mzee Mbwambo alipiga meza, soda ya mchungaji ikapinduka, ikamwagika mpaka sakafuni. Hakuna aliyejali. Harusi ni Jumamosi, ukumbi umeshapambwa nusu, sare za kamati zimeshashonwa, halafu baba wa bwana harusi mwenyewe ndiye anaikataa mbele ya wazee wote wa kanisa!

Chini ya meza, Sitara alikuwa ameung'ang'ania mkono wa Allan, mchumba wake. Sitara anauza vitenge Mtaa wa Kongo, mdomo anao, wateja wanamjua.

Kanisa lao liko hapohapo Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya mabegi. Chini kipaza sauti cha machinga kinaita, "Chagua, vaa, sepa! Chagua, vaa, sepa!" Juu mzee anashindana nacho.

Kwenye maneno ya imani, Mzee Mbwambo hakuwa na mchezo. Kwaya iliwahi kuimba kwamba Mwana aliumbwa, akawazima katikati ya ubeti: "Alizaliwa, hakuumbwa! Mnatupeleka wapi nyie?" Mwalimu wa watoto akafananisha Utatu na yai, ganda, ute na kiini, akavuliwa ualimu siku hiyohiyo. "Mungu hana vipande!" Vijana walimbatiza jina Mzee Nukta, ila kwa kunong'ona.

Lakini kwa Sitara alikuwa mpole, jamani! Kila Jumapili, "Mkwe wangu, umekula?" Mpaka siku ya posa, kule Ilala kwa mama mkubwa aliyemlea Sitara baada ya mama yake kufariki. Mama mkubwa alipakua pilau, akatoa na albamu ya picha wageni wajionee familia. Mzee akaacha pilau nusu sahani, akasema tumbo linamsumbua. Tangu hapo ni vita. Salamu haitiki. Mara binti ana kiburi, mara hana heshima, na sasa kagundua hana cheti cha ubatizo.

"Binti, hebu eleza mwenyewe," mchungaji alisema.

"Nilizaliwa Jangwani, kipindi cha mvua za El Nino," Sitara akaanza. "Maji yalijaa mpaka kwenye godoro, hakuna pa kutokea. Mama alinisimulia, nilitoka kimya, sipumui. Nikabatizwa palepale. Ndiyo nikalia."

"Hadithi za vibarazani!" mzee akafoka.

"Ubatizo wa dharura upo, mzee," mchungaji akasema. "Mkristo yeyote anaruhusiwa."

"Kwa maneno yenyewe! Siyo kwa maneno ya kuokoteza!"

"Basi kama hautoshi nibatizeni leo," Sitara akasema. "Maji si yapo hapa kanisani?"

"Kwanza mwaka mzima wa mafundisho!" Mzee akapiga meza tena. "Na uchumba uvunjwe. Leo. Hapa."

Allan akasimama nusu, mkono wa Sitara bado anao. "Baba, amekukosea nini?"

"Wewe kaa chini! Hujui unachokitaka."

"Basi mwangalie usoni umwambie yeye!"

Mzee hakumwangalia. Aliangalia dirishani, kwenye nyaya za umeme.

"Mzee Mbwambo," mchungaji akasema taratibu, "tusimwonee mtoto wa watu. Huenda aliyembatiza alisema sawasawa. Tutajuaje?"

"Sawasawa?" Mzee akageuka, mishipa imemtoka shingoni. "'Yesu, niachie huyu mtoto.' Basi! Hayo ndiyo maneno! Baba yuko wapi hapo? Mwana je? Roho Mtakatifu je? Mtu kachota maji na kikombe cha bati kisicho na mkono, kamwagia mtoto utosini, anatetemeka, hata amina hakusema! Hiyo ni dua ya mwoga! Siyo ubatizo, na haitakuwa ubatizo!"

Wazee wawili wakatikisa vichwa kukubali. Kwa kweli, kwa maneno hayo, mzee alikuwa sahihi. Mchungaji akashusha pumzi, akafunga kitabu chake cha ibada.

Huko chini kipaza sauti kilikuwa kimeishiwa chaji.

"Mzee," Sitara alisema. Sauti ilikuwa ndogo, kama siyo ya Mtaa wa Kongo. "Hayo maneno mama aliniambia mimi peke yangu. Sijamwambia mtu. Hata Allan."

Mzee Mbwambo akaiokota chupa ya soda iliyopinduka, akaisimamisha.

"Na mama alisema mle chumbani walikuwa wawili tu. Yeye, na baba yangu, aliyetoka maji yalipopungua kwenda kututafutia taksi mpaka leo."

Chini ya meza, Allan akauachia mkono wake.