Wimbo wa Jikoni

Mambo yaliharibika Jumapili ya mavuno, kuku wa sadaka wakiwa bado wamefungwa miguu karibu na madhabahu. Tabea alisimama mbele ya watu, joho la kwaya la kuazima likimbana kwapani. Wazee wa kanisa, ambao hukalia viti vya mito na kutenga watu, walikuwa wamemtenga tangu alipoanza kuimba nyimbo za mapenzi katika ukumbi wa dansi. Leo angeimba wimbo wa dini mbele yao, arudishwe kundini. Akiharibu, hata mama yake, anayekohoa kule benchi la nyuma, akifa wasingemzika.

"Imba, binti," alisema Mzee Obadia. "Na kiuno kitulie."

Kwa hofu alisahau nyimbo zote isipokuwa mmoja wa kumshukuru Mungu, aliofundishwa na mama yake jikoni. Akauanza kwa sauti ndogo. Hakukumbuka kwamba tuni hiyohiyo ndiyo aliyoitilia maneno ya mapenzi, na sasa mji mzima unaicheza.

Vijana wakaitikia kwa maneno ya ukumbini. Akina mama wa kwaya wakaanza kuyumba.

Mzee Obadia akainuka. "Umetuletea dansi kanisani?"

"Hapana, mzee. Ni wimbo wa mama."

Tabea akatazama nyuma. Chini ya benchi, mguu wa mama yake ulikuwa ungali ukipiga mapigo, kisigino kwanza halafu vidole, kama mtu aliyewahi kucheza dansi sana. Mzee Obadia naye aliuona.

"Na wewe, Mama Tabea," aliuliza taratibu, "wimbo huo uliutoa wapi?"