Joto la Mjukuu

Bilha alimlaza mjukuu wake kwenye benchi la zahanati huko Kibomet, akaketi kando yake akihema. Wote wawili walikuwa wakikohoa, lakini mtoto ndiye aliyekuwa akiwaka joto.

Nesi alimgusa mtoto paji la uso. "Usiogope, shosho. Mwili wake umejua virusi vimeingia, ndio unachemka hivi kuvipiga. Mpatie maji mingi."

"Afadhali," Bilha alisema. "Mimi nakohoa kama yeye, lakini joto sina hata kidogo. Ni uchovu tu."

Nesi alikisogeza nyuma kitambaa cha kichwani cha Bilha, akaweka kiganja pajini. Palikuwa baridi kama jembe la asubuhi. Hakuuondoa mkono. Aliisikiliza pumzi ya Bilha, fupi fupi.

"Shosho, kwa mzee kukosa joto si afya; mwili unaweza kuwa umeshindwa kupigana. Nyumbani kuna nani mwingine wa kubaki na mtoto?"