Koti la Baba Mtu

Kwenye maonyesho ya binti yangu, koti la marehemu baba yake lilitundikwa ukutani, likawashiwa taa yake peke yake. Lile lile ambalo kila siku nilimwambia baba mtu alitupe!

Wageni walinong'ona mbele yake kana kwamba linasikia.

Nikasogea. Kifungo cha juu bado kilikuwa kimeshikwa na uzi mwekundu niliomshonea.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," mlinzi akasema.

"Mwenyewe nilimgusa nilivyotaka, sembuse koti lake!"

Akacheka, akageukia pembeni. Nikazamisha uso kwenye kola, nikavuta pumzi nikimtafuta.

Sabuni.

Nikajaribu kwapani. Sabuni tupu.

"Nililifua mwenyewe, Mama," binti yangu akasema nyuma yangu. "Limetakata, eh?"

"Limetakata, mwanangu," nikamjibu. Mkono wa koti sikuuachia.